Mlima Nilioupeleka Azaiba

Mama yangu anasali kwenye kiti. Ni kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, kilichotolewa kwenye meza ya kulia na kuwekwa juu ya msala wake. Anapoinama kwa rukuu kiti hulia mara moja, na kwenye sijida, anapoinama zaidi, hulia mara mbili. Mimi nikisalisha nyumbani huwa mbele yake, kwa hiyo simwoni. Nakisikia kiti tu.

Wazee wengi hapa Maskati wanasali kwenye viti, na misikiti imevipanga safu nzima nyuma. Hakuna aibu ndani yake wala dhambi. Ninakieleza hiki kimoja kwa sababu kwa muda wa mwaka na nusu hakikuwapo. Kilikuwa kimerudi mezani, watu wanakikalia wanakula, na kama si mimi kingekuwa huko mpaka leo.

Magoti ya mama yalianza kumsumbua miaka michache baada ya baba kufariki. Daktari alimwonyesha picha na kumwambia kwamba mfupa unasagana na mfupa, kisha akampa dawa za maumivu, na mama akatoka hospitali na kununua mafuta ya mchaichai, ambayo anayaamini zaidi. Maumivu aliyavumilia. Kilichomwuma khasa kilikuwa kiti. Aliniambia mara moja, wala hakurudia, kwamba tangu utoto wake Unguja alizoea kumweleza Mungu mambo yake akiwa ameweka paji la uso chini, kwa sababu pale hapana mtu wa kumkatiza. "Kitini nnahisi kama niko benki," alisema, "nnangoja zamu yangu."

Aliyemtoa ndani alikuwa jirani yake wa Azaiba, mtaa wa pwani anakokaa, mama mrefu mwenye sauti kubwa, aliyezaliwa Tabora na kuletwa Omani akiwa msichana. Wanajuana zaidi ya miaka thelathini na bado kila mmoja anacheka Kiswahili cha mwenzake. Huyu jirani, baada ya sala ya alfajiri, huvaa abaya na raba na kwenda kutembea ufukweni na wanawake wenzake wa mtaa. Walikuwa wakimkuta huko mwanamke wa Kichina, mke wa mhandisi, amesimama peke yake akielekea baharini, anasogeza mikono polepole kama mtu aliye chini ya maji. Wenzake walipita mbali kwa adabu. Jirani alimwendea kumuuliza amepoteza nini. Baada ya wiki moja Mchina yule alikuwa na wanafunzi sita, na wa sita alikuwa mama, ameletwa kwa gari na kushushwa kama mzigo wa vyombo vya udongo.

Mwalimu huyo alijua maneno mawili tu ya Kiarabu, shwaya shwaya na zein, yaani polepole, na vizuri. Kwa maneno hayo mawili alifundisha kila kitu. Majina ya Kichina ya mazoezi yalimshinda kila mmoja, kwa hiyo wanafunzi wakayapa majina yao wenyewe. Kulikuwa na kupeta mchele, na kufuta kioo. Kulikuwa na kumpokea mtoto kwa mkunga, ambapo mikono miwili hushuka pamoja ikiwa imekunjuliwa. Kulikuwa na kuvuka tope, zoezi lililohitaji kuinua mguu mmoja na kuuweka chini bila haraka, na hilo mama alilifanya kwa miezi kadhaa akiwa ameshika bega la jirani. Zoezi ambalo baadaye nililikuta vitabuni likiitwa korongo mweupe anakunjua mbawa, mama na wenzake waliliita kuanika kanga.

Sikuwahi kwenda kumtazama. Saa hizo huwa nimelala, na nilikuwa na kawaida ya kusema kwamba waandishi wanafikiri wakiwa wamelala.

Ijumaa moja tulikuwa nyumbani kwake kama kawaida, mimi na dada yangu na watoto, tumekula, tumepumzika, na Alasiri ikaingia. Nikasimama mbele kusalisha. Kwenye sijida ya kwanza sikusikia kiti. Nilisikia viganja viwili vinagusa zulia nyuma yangu, kimoja kisha cha pili, goti likalia kama kijiti, halafu pumzi ndefu, halafu kimya. Ninakiri kwamba nilisahau niko rakaa ya ngapi. Baada ya salamu dada yangu alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko vyombo vilivyohitaji. Mama alikunja msala wake, akauliza ni nani aliyekiacha kiti cha watu katikati ya njia, akaagiza kirudishwe mezani.

Sasa nijieleze mimi. Ninaandika makala, na mara moja moja kitabu kidogo. Nimesoma chuo kikuu, jambo ambalo familia yangu hunikumbusha kila taa ya jikoni inapoungua na mimi nikashindwa kuibadilisha. Dada yangu, mfamasia, mdogo wangu kwa miaka minne na mkubwa wangu kwa akili, huniita Profesa, ingawa anajua vizuri kwamba sikuwahi kuwa profesa wa chochote. Kasoro yangu kubwa ni kwamba nikisoma kitu leo, siwezi kulala nacho. Lazima nimpe mtu.

Mazoezi ya mama yalinifanya nianze makala juu ya milima mitakatifu na afya. Niliazima kitabu kinene juu ya mlima Wudang, ulioko katikati ya China, ambao ni mtakatifu kwa wafuasi wa dini ya Tao. Kwa watu hao mwili na ibada havitengani sana. Watawa wa mlima ule wamekuwa wakichuma mitishamba, wakijifunza kuvuta pumzi, wakifanya mazoezi ya polepole na kufukiza ubani, na yote hayo kwao ni njia moja ya kwenda pamoja na maumbile badala ya kushindana nayo. Inasimuliwa kwamba mtawa mmoja alimwona ndege anapigana na nyoka, ndege anadonoa, nyoka analegea na kuteleza, mpaka ndege akachoka, na kutokana na ulegevu ule wa nyoka mtawa akabuni mazoezi ambayo leo wazee wanayafanya dunia nzima, ufukwe wa Azaiba ukiwemo. Nilivutiwa mno. Nilikuwa nimefika nusu ya kitabu.

Ijumaa moja wakati huo, yapata mwaka na nusu tangu kiti kirudi mezani, kulikuwa na wageni, wakwe wa dada yangu. Mama mkwe wake alimsifu mama kwa namna alivyosimama na kusali, akataka kujua siri, ni sindano gani, ni daktari gani wa India. Mama alifurahi. Alianza kueleza habari ya kupeta mchele, na alikuwa amekwisha nyanyua mikono juu ya sahani, nami nikamkatiza.

Nilisema yale niliyoyasoma, na nilisema vizuri, kwa bahati mbaya. Niliwaeleza mlima unavyotoka kwenye ukungu, na kule kileleni hekalu dogo la shaba lililopakwa dhahabu, na ndani yake mungu wao wa kaskazini, peku, nywele zimeachiwa, na kobe na nyoka miguuni pake. Niliwaeleza ngazi za mawe na wanaozipanda kwa maombi. Niliwaeleza moshi wa udi ulivyo mzito mpaka watawa wenye majoho ya buluu wanaonekana na kupotea, wanaonekana na kupotea, na nikatumia mikono yangu kuonyesha unavyopanda. Dada yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani amekosea.

Mama aliweka mikono yake chini. "Kwa hiyo ile ni ibada yao?" akauliza.

Mtu mwingine yeyote angesema hapana. Mtu mwenye akili angejaza wali mdomoni. Mimi nilisema, "Kwa asili, ndiyo, mama."

Hili neno "kwa asili" ni neno la wasomi. Tunalitanguliza ili jambo lionekane limepimwa. Mama halisikii. Alisikia ndiyo. Alitikisa kichwa, akamsogezea mgeni bakuli la achari, na mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu. Nami nikarudi kwangu nimeridhika, na kabla sijavua viatu niliandika sentensi mbili juu ya ubani, ambazo bado naziona nzuri.

Kama wiki tatu baadaye dada yangu alinipigia simu asubuhi, na hakuanza kwa salamu.

"Profesa," alisema, "kiti kimerudi."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Mama alikuwa hajakanyaga ufukweni tangu siku ile ya wageni. Aliwaambia wenzake kwamba goti limemvimba. Wiki ya kwanza aliendelea kusali chini kwa ubishi, ya pili alianza kushika ukuta, na jana yake alikuwa ameinuka kutoka sijida akayumba na kuanguka juu ya kabati la viatu, hakuumia, lakini asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye meza ya kulia akakivuta kiti kwa mikono miwili mpaka chumbani. Nilimuuliza dada kwa nini mama ameacha. Akasema kwamba kama kweli sijui, basi nirudishe ile shahada.

Nilikwenda Azaiba adhuhuri ile ile nikiwa na hoja zangu tayari. Nilimwambia mama kwamba mazoezi ni mazoezi, kwamba hata hospitali zinayashauri, kwamba hakuna mtu ufukweni pale anayeabudu chochote. Alinisikiliza akichambua mchele. Halafu alisema kwamba mimi ndiye niliyesoma, na kwamba yeye hakuwa na habari na mlima wowote mpaka nilipomwambia.

Hoja ya pili niliitafuta kwenye ile nusu ya kitabu iliyobaki, ambayo ningeifungua mapema kama ningekuwa mtu wa maana. Humo nikakuta kwamba wanahistoria wengi wanashuku hadithi nzima. Yule mtawa aliyemwona ndege na nyoka huenda hakuwapo kabisa. Wako wanaosema mazoezi yale yalianza kwenye kijiji cha wakulima, mbali na mlima, na kwamba mlima uliunganishwa nayo baadaye kwa ajili ya heshima. Nilikimbia tena kwa mama na habari hizi kama mtu aliyepata dawa.

"Sasa wasemaje," akauliza, "ni yao au si yao?"

"Hawana uhakika, mama."

"Basi na mie sina. Na jambo nisilo na uhakika nalo kwenye dini yangu nnaliacha. Usijitaabishe, baba."

Nilijitaabisha. Nilimwendea sheikh wa msikiti wao, mtu mpole, na nikamweleza yote bila kujipunguzia. Alisema kinachotazamwa ni nia, na bibi mwenye nia ya kuyanyoosha magoti yake ili amsujudie Mola wake hana lawama. Nilimwomba amwambie mama mwenyewe, naye jioni ile akampigia simu, mimi nikiwa nimekaa kando ya mama. Mama alimshukuru, akamwombea, akauliza hali ya watoto wake. Alipokata simu alinigeukia na kuniambia neno ambalo tangu siku hiyo ninatembea nalo.

"Sheikh kasema inajuzu. Mie sikusema haijuzu. Lakini kila nikinyanyua mikono sasa nnauona ule moshi. Umenieleza vizuri mno, mwanangu."

Kwa miaka yangu yote ya uandishi nimesifiwa mara chache, na kwa kawaida na watu waliotaka niwasomee miswada yao. Sijawahi kusifiwa kwa kweli kama siku hiyo.

Dada yangu alijaribu njia yake. Alimpeleka kliniki ya mazoezi ya viungo Madinat Sultan Qaboos, yenye vioo na harufu ya zabibu za plastiki, ambapo binti mmoja alimfunga mpira miguuni na kumhesabia moja mpaka kumi, moja mpaka kumi. Mama alikwenda mara mbili. Alisema binti ni mwema, lakini yeye alimaliza skuli zamani. Ufukweni hakuna aliyemhesabia. Kule walikuwa sita, wanacheka, na jua linapanda.

Wenzake hakuwaambia sababu. Nilimuuliza, akasema angewaambia wangeingiwa na shaka kama yake, na yeye hataki kumharibia mtu goti lake. Kwa hiyo jirani wa Tabora hakuelewa kitu. Alikuja mara kwa mara kumtukana kwa mapenzi, akamwita mvivu, akamwita bibi harusi, akasema Wapemba na Waunguja wote wamelelewa kwenye mito laini. Walipopanga kwenda ufukwe wa Yiti, nje ya mji, asubuhi moja, wafanye mazoezi mchangani na kufungua kinywa huko, mama aliamka mapema akakaanga kachori za watu wote. Mimi ndiye niliyezipeleka kwenye gari lao. Jirani alinishika mkono dirishani.

"Wewe mtoto," alisema, "mama yako mmemfanya nini?"

Nilisema magoti. Nilisema jambo la kwanza lililokuwa karibu.

Na ningemwambia hivyo jirani tu, ingekuwa nafuu. Lakini siku chache baada ya Yiti mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa. Alikaa chini kwenye zulia, mama kwenye kochi, akalishika goti la mama kwa mikono miwili na kulitazama kana kwamba litamjibu. Mama alimwambia zein, zein. Hawakuwa na neno jingine. Kisha mwalimu akanigeukia mimi na kuniuliza kwa Kiingereza kimetokea nini. Nilikuwa na lugha, nilikuwa na nafasi, na nilikuwa na ukweli, na nilichoona mbele yangu ni aibu ya kumweleza mgeni kwamba mazoezi aliyotupa kwa roho safi yameachwa kwa sababu ya dini ya kwao, na kwamba aliyeleta habari hiyo ni mimi. Nikamwambia goti lilimvimba baada ya mazoezi.

Uso wake ulibadilika. Alisema pengine alikuwa amewashusha chini mno kwenye lile zoezi la mguu mmoja, kwamba alikuwa na wasiwasi nalo, kwamba angepaswa kuwa mwangalifu zaidi na wazee. Akamwomba mama radhi kwa kuinamisha kichwa. Mama, ambaye hakujua nimesema nini, alimchekea na kumpapasa shavu, akaniambia nimfungie kachori za kwenda nazo. Nilizifunga. Miezi michache baadaye mumewe alihamishiwa nchi nyingine, na sikupata hata kujua ni nchi gani. Wale watano waliobaki wanaendelea wenyewe, kwa kumbukumbu, na jirani ndiye anayeongoza. Lakini zoezi la kuvuka tope mwalimu aliliondoa tangu siku ile ya machungwa, asije akamwumiza mwingine, na mpaka leo hawalifanyi. Lilikuwa ndilo lililompa mama miguu yake.

Mwaka huo nilikwenda Wudang. Niliwaambia watu nakwenda kumaliza makala. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuutafutia mlima ushahidi wa kutokuwa na hatia, kama wakili aliyechelewa.

Ni mlima mzuri, nami sikuustahili. Sehemu kubwa niliipanda kwa kijigari kinachoning'inia kwenye waya, nikiwa nimefumba macho, na zile ngazi zilizobaki juu nilizipanda nimeshika minyororo, nikipitwa na vikongwe wa Kichina wenye bakora, ambao kila mmoja aliniambia neno la kunitia moyo nisilolielewa. Ukungu ulikuwepo kama nilivyosema. Hekalu la kileleni lilikuwepo, dogo kuliko nilivyolisimulia. Nilikuwa na tumaini, na nalisema bila kujitetea, kwamba nitakuta moshi ni mwepesi, kwamba kitabu kilizidisha. Ulikuwa mzito. Watu walikuwa wamebeba udi kwa mafungu, wanauinua usawa wa paji la uso, wanainama, na mtawa mmoja mwenye joho la buluu alipita katikati yake, akaonekana na kupotea.

Njiani kushuka walinionyesha kisima ambapo, wanasema, zamani alikaa bibi mmoja akisugua mchi wa chuma juu ya jiwe siku nyingi ili uwe sindano. Nilitoa daftari pale pale na kuandika kwamba mama yangu alisugua zaidi ya mwaka na nusu, na mimi nikaivunja sindano kwa sentensi moja. Nikaisoma. Nikaiona ni nzuri. Nikalifunga daftari, kwa sababu nilikuwa nimeanza tena.

Nilichokuwa nakitafuta nilikipata chini, kwenye mji ulio miguuni pa mlima, asubuhi ya kuondoka. Kwenye kiwanja mbele ya duka la vyakula walikuwepo akina mama wazee kama ishirini, wamevaa makoti yaliyojazwa pamba, mifuko ya mboga imewekwa kando, kipaza sauti kidogo kinapiga muziki uliokwaruza. Walikuwa wanapeta mchele. Walikuwa wanafuta kioo. Wawili nyuma walikuwa wanasengenya huku wakianika kanga, na mmoja alisimama katikati ya zoezi akapokea simu na kugomba na mtu. Hapakuwa na ubani, wala mungu, wala mtu aliyenyanyua macho kutazama mlima. Nilipiga video mpaka simu ikaisha chaji.

Mama aliitazama video ile akiwa kwenye kiti chake, miwani imeshuka puani. Aliitazama mara tatu. Alicheka yule wa simu. Alisema huyu wa kushoto anamwaga mchele wote. "Watu wazima kama sie," alisema, na sauti yake ilikuwa laini hivi kwamba nilianza kutumaini. Kisha akanirudishia simu.

"Na juu kule," akauliza, "moshi upo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa saa zote za ndege. Mara ya kwanza nilimwambia kweli kwa ajili ya kujionyesha. Mara hii uongo ungekuwa na faida, na dada yangu, aliyekuwa mlangoni, alinikodolea macho niuseme. Lakini mama alikuwa ananitazama usoni, na nilikuwa nimekwisha mdanganya mwalimu wake.

"Upo, mama. Lakini hawa wako chini."

"Basi," alisema. Hakukasirika. Alinyoosha kanga yake mapajani, akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye mkanda wa suruali. "Simama," akasema.

Nilidhani anataka chai.

"Simama hapo kati. Dada yako kanambia una sukari, na wewe umenificha."

Nilimwangalia dada yangu, ambaye ghafla alikuwa na kazi jikoni. Nilimkumbusha mama juu ya ule moshi. Alinijibu polepole, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Sheikh kasema inajuzu. Moshi nnauona mie. Wewe utakusumbua nini, na ndiwe uloutoa huko?"

Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya chakula nasimama katikati ya sebule ya mama yangu, mtu mwenye mvi na miwani, napeta mchele. Yeye yuko kwenye kiti, anaongoza. Hajasahau kitu. Anajua mkono uwe wapi na pumzi itoke lini, na hana huruma. Ananiambia unapeta, humwagi. Ananiambia mtoto wa watu huyo, unampokea kama gunia. Dada yangu hupita na sinia akaniuliza kama nafuta kioo au nasimamisha teksi. Kuvuka tope kulinichukua miezi, na siku nilipofaulu kuinua mguu na kuuweka chini bila kushika kochi mama alisema, "Zein," kwa sauti ya mwalimu wake, kisha akageuza uso kutazama dirishani.

Nimemwuliza mara mbili kama hataki kujaribu hata mikono tu, akiwa amekaa. Mara ya pili aliniomba nisimwulize tena.

Ijumaa iliyopita adhana ya Alasiri ilitukuta tunamaliza. Tulitandika misala, mimi mbele, dada na watoto nyuma, na mama pembeni yao kwenye kiti. Nilipoinuka kutoka sijida kwenda rakaa ya pili niligundua kwamba nimesimama moja kwa moja, bila kujisukuma kwa mkono, jambo nililokuwa silipati mwaka juzi. Magoti hayakulia hata kidogo. Nyuma yangu kiti kililia mara mbili. Nikakawia kuanza kusoma, kama ninavyokawia siku hizi, mpaka nimsikie amekaa sawa.